Mama anakwenda kwenye mionzi: je, aendelee na vidonge vya "kutoa kutu mwilini"?

Swali: "Dokta, jambo. Ninaandika kutoka Katuba, Lubumbashi. Mama yangu ana miaka 54. Walimkuta na kansa ya mlango wa kizazi, wakatuambia imekwisha kutoka kidogo nje ya mlango, kwa hiyo haifai tena kupasuliwa. Wanamtuma Lusaka kwa mionzi, pamoja na kemo mara moja kila juma. Tunaondoka baada ya majuma matatu. Sasa mama mmoja wa kanisa letu ametuletea chupa nne: vitamini C, vitamini E, seleniamu na glutathioni, dola 140 kwa mwezi. Anasema kansa hii imeletwa na virusi, na virusi vinapenda mwili wenye kutu. Dawa hizi zinatoa kutu, zinaamsha askari wa mwili, na zitamkinga mama na sumu ya mionzi. Mama amekwisha kuanza, leo siku ya kumi. Kaka yangu naye ameona kwenye intaneti daktari akitia vitamini C nyingi kwenye mshipa, anasema kansa inakufa. Mimi nimechanganyikiwa. Nani anasema kweli? Na hizo dola tulikuwa tumeziweka za safari."

Dada yangu, pole sana, na mama umfikishie pole yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana majuma matatu si mengi: hizo chupa nne mzifunge leo. Zisifunguliwe tena mpaka mionzi imalizike na daktari anayemtibu kule Lusaka aseme neno. Sioni kama siku kumi alizomeza zimeharibu kitu, kwa sababu mionzi yenyewe haijaanza. Kwa hiyo msimtie mama hofu, wala msiende kugombana na yule mama wa kanisa. Chakula cha kila siku kibaki kilekile; habari ya sombe (majani ya muhogo) na matunda nitairudia. Vitamini C ya mshipani kaka aisahau. Maelezo yanayofuata ni marefu, lakini nimeona mara nyingi kwamba mgonjwa akiambiwa "acha" bila sababu, chupa zinahamia chini ya mto.

Aliyewauzia amefunga mambo matatu kwa kamba moja. Kwamba kansa hii imetokana na kirusi: hilo ni kweli. Kwamba mwili unaingia kutu na lazima kutu itolewe: hiyo ni nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito. Kwamba mionzi ni sumu ambayo mama lazima akingwe nayo: hapo ndipo mama anapoweza kuumia.

Neno la kitaalamu la habari hiyo ya kutu ni redoksi, na mtoto wa Lubumbashi halimtishi. Baba yangu alifanya kazi kwenye elektrolisisi ya Shituru, kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme, kule Likasi. Alikuwa akituambia kwamba ndani ya yale matangi huioni shaba. Unaona maji ya bluu tu, makali ya asidi, yanayotoboa suruali. Shaba imo, ila kila chembe yake imepungukiwa elektroni mbili. Umeme ukipita, chembe inarudishiwa elektroni zake, inaganda kwenye bamba, na baada ya siku kadhaa wananyanyua katodi nyekundu, zilezile mnazoziona juu ya malori kwenye barabara ya Kasumbalesa. Iache shaba hiyo nje, mvua na jua viipige miaka, itaanza kupoteza elektroni tena: itakuwa kahawia, mwishowe kijani. Kupoteza elektroni ndiko kuoksidika. Kupokea ndiko kinyume chake. Redoksi ni jina la biashara hiyo yote, kwa sababu hakuna anayetoa pasipo anayepokea.

Kutu ni duka moja tu kwenye soko hilo. Kupumua kwako ni duka kubwa zaidi. Bukari (ugali) uliyokula mchana inatoa elektroni, na ndani ya vile vichumba vya seli vinavyoitwa mitokondria elektroni hizo zinapita mkono kwa mkono mpaka zimfikie mpokeaji wa mwisho, ambaye ni oksijeni. Njiani chache zinaponyoka. Oksijeni ikidaka elektroni moja peke yake inakuwa kitu chenye hasira kinachoitwa supaoksaidi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuishika supaoksaidi hiyo na kuigeuza kuwa peroksidi ya haidrojeni. Usiogope jina. Ni ileile inayouzwa farmasi kwa jina la eau oxygénée, mnayomimina juu ya kidonda kikatoa povu.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ninawaonyesha hivi. Ninanunua maini ya ng'ombe sokoni, ninakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ninakiweka kwenye bilauri na kumimina juu yake kifuniko kimoja cha hiyo eau oxygénée. Povu linapanda mpaka mdomoni, bilauri inapata joto mkononi. Kisha ninachukua kipande cha pili ambacho nimekichemsha, ninamimina tena. Kimya. Maini mabichi yana kimeng'enya kinachoitwa katalasi, kinachoivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni kwa kasi ambayo hakuna kidonge cha kuifikia. Moto umekiua, ndiyo sababu kipande cha pili hakisemi kitu. Nyumbani jaribu ukitaka, ila hayo maini usiyale.

Hapo daima anainuka mwanafunzi mmoja na kuuliza: kama mwili una zimamoto mkali hivi, kwa nini unaendelea kuwasha moto? Ndilo swali ambalo muuzaji wa chupa hajawahi kuulizwa. Jibu ni kwamba moto mwingine haukuponyoka. Umewashwa makusudi.

Seli nyeupe zinazomeza vijidudu zina kimeng'enya maalumu cha kutengeneza supaoksaidi, na kinafanya kazi hiyo tu. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kimeng'enya hicho kibovu. Kwa maneno ya muuzaji, hao wana kutu kidogo kuliko sisi sote. Kumbe ndio wanaopata majipu ya ini na mapafu, na ukungu wa ukutani ambao wewe na mimi tunauvuta kila siku bila kujua unaweza kuwaua.

Lakini kuua vijidudu ni nusu tu. Nusu ya pili ilichelewa kueleweka: peroksidi ikiwa kidogo sana ni ujumbe. Mwaka 1995 kundi la Toren Finkel huko Marekani lilichukua seli za mishipa ya damu, likaziamuru zikue kwa protini ya kuchochea ukuaji, likaona kwamba kila amri inapoingia seli inatoa peroksidi kidogo kwa dakika chache. Wakiizima peroksidi hiyo, amri haifiki. Inakuwaje? Ndani ya seli kuna protini zinazobandika fosfati juu ya wenzao kusema "endelea", na kuna nyingine, fosfatasi, zinazoibandua kusema "simama". Fosfatasi nyingi zina salfa kwenye sehemu yao ya kazi, na salfa ni mtoa elektroni mwepesi. Peroksidi ikiigusa, fosfatasi inalala. Ni kama askari wa kizuizi aliyeitwa pembeni: malori yanapita kwa muda, kisha mwenyewe anarudi kwenye kiti chake, kwa sababu seli ina vimeng'enya vya kuirudishia ile salfa elektroni zake. Kinachopitisha ujumbe ni mahali ilipowashwa, kiasi chake na muda wake, na mambo hayo matatu kidonge hakiyajui.

Sasa tufike kwenye virusi, maana hapo ndipo maneno ya "kuamsha askari" yanapogeuka chini juu. Kirusi kikiingia kwenye seli, walinzi wa ndani wanaitambua chembe ya urithi ya mgeni na kupeleka habari kwenye protini iliyokaa juu ya ngozi ya mitokondria, palepale jikoni penye moto. Kutoka hapo ndipo seli inapata amri ya kutoa interferoni, ile kengele ambayo Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliielezea mwaka 1957. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba njia hiyo inahitaji cheche kidogo za oksijeni, yaani zile supaoksaidi na peroksidi; zikizimwa, kengele inalia chini. Vilevile zile seli za T ambazo kazi yake ni kuwinda seli zenye virusi na seli za kansa: mwaka 2013 ilionekana kwenye panya kwamba seli za T zisizoweza kutoa cheche kutoka mitokondria zinaona adui, lakini haziamki wala haziongezeki inavyotakiwa. Askari huamshwa kwa cheche. Siwezi kuishia hapo bila kusema upande wa pili, kwa sababu si haki: cheche zikizidi na kukaa muda mrefu, seli za T zinachoka, na uvimbe wa kansa ni mahali pa namna hiyo hasa. Kwa hiyo sikuambii kwamba oksijeni kali ni nzuri. Ninakuambia kwamba ni usukani, na hauushiki kwa kumeza vidonge vinne asubuhi.

Kirusi cha mama ni cha aina ya HPV, kwa hakika karibu kamili. Harald zur Hausen alipewa Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi duniani. Wanawake wengi wanakipata kirusi hiki wakiwa vijana, na wengi wanakiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila kujua. Ni kirusi mnyamavu: hakiingii kwenye damu, hakiui seli, hakigongi kengele. Kwa wachache kinabaki miaka kumi, ishirini. Protini yake moja, E6, inaivunja p53, yule mlinzi wa seli anayeamuru seli iliyoharibika isimame au ife. Ya pili, E7, inamfunga mlinzi mwingine. Mara nyingi kipande cha kirusi kinakuwa kimejishona ndani ya DNA ya seli yenyewe. Kwa hiyo hakuna "kukifukuza" kwa vitamini, na hata dawa ya hospitali ya kukiondoa kirusi hicho bado hakuna. Kinachotibiwa Lusaka ni uvimbe. Na umwambie mama, kama kuna minong'ono nyumbani, kwamba kirusi hiki si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Kinaweza kuwa kimekaa tangu mwaka alioolewa.

Mionzi sasa. Watu wanadhani mionzi inachoma kansa kama chuma cha moto. Hapana, mama hatasikia kitu akiwa amelala pale. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, na mwale unapopita unayapasua maji. Linalotoka ni haidroksili, kali kuliko zote nilizozitaja, inayoishi kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua. Ikizaliwa karibu na DNA, inaikata. Kwa mionzi ya namna atakayopewa mama, takriban theluthi mbili za uharibifu zinapitia njia hiyo. Kisha oksijeni ya kawaida inakuja na kulifunga jeraha lisishoneke tena. Mwaka 1953 Louis Harold Gray na wenzake walieleza jambo ambalo kila daktari wa mionzi analala nalo: seli isiyopata oksijeni inahitaji karibu mara tatu ya kipimo ili ife. Sisplatini, dawa ya kemo ambayo nadhani ndiyo atakayopewa, inaishikilia DNA seli isipate kujitengeneza vizuri.

Kwa hiyo tazama mnachotaka kufanya. Mmetafuta pesa, mmetafuta pasi, mnavuka mpaka ili mama awashiwe mbabula (jiko la makaa) chini ya uvimbe. Halafu kila asubuhi mnamwaga kikombe cha maji juu ya makaa. Mwuzaji amesema kweli bila kujua: vidonge vinaweza kukinga. Lakini havichagui cha kukinga.

Je, imeonekana kwa binadamu, au ni nadharia ya mwalimu? Imeonekana, ingawa si kwenye kansa ya mama hasa. Huko Québec, Kanada, wagonjwa 540 wa kansa za kichwa na shingo waliokuwa wakipata mionzi waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine vitamini E na beta-karotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A), wengine vidonge vitupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2005 na 2006. Waliomeza vitamini walipata nafuu ya vidonda vya mionzi kidogo, na hilo ndilo linalowafanya watu wasifu. Lakini kansa ilielekea kuwarudia zaidi, na waliokufa walikuwa wengi zaidi. Zipo pia tafiti ndogo ambazo hazikuona madhara, sizifichi. Ila mizani yangu, kwa mgonjwa ambaye tiba yake inaweza kumponya, inalalia upande wa kuacha. Angekuwa anapewa mionzi ya kutuliza maumivu tu, nisingeshikilia hivi.

Hata kwa watu wasio wagonjwa, vidonge hivi vimewaaibisha walioviamini, na mimi nilikuwa mmoja wao nilipokuwa mwanafunzi. Finland waliwachukua wavuta sigara 29,133 na kuwapa baadhi yao beta-karotini, wakitarajia kansa ya mapafu ipungue. Mwaka 1994 hesabu ikatoka: imeongezeka kwa asilimia 18. Wamarekani waliokuwa wakifanya jaribio linalofanana waliliacha kabla ya wakati wake. Vitamini E kwa wanaume wenye afya iliongeza kansa ya tezi dume kwa asilimia 17, ilitangazwa mwaka 2011. Kundi la Martin Bergö huko Sweden likatafuta sababu kwenye panya: vitamini E iliupa uvimbe mdogo wa mapafu pumzi, kwa sababu seli zilizoharibika, zikipunguziwa kutu, hazimwiti tena yule mlinzi p53. Seli za kansa zenyewe zinalijua hilo kabla yetu. Nyingi zinajitengenezea akiba kubwa ya vizima-moto vyao, na unapompa mgonjwa vidonge unaweza kuwa unawapelekea wao.

Kwenye chupa zenu nina neno juu ya kila moja, lakini si sawasawa. Glutathioni kwanza, ambayo nadhani ndiyo iliyogharimu zaidi. Ni protini fupi ya asidi-amino tatu. Ukiimeza, tumbo linaikata kama linavyokata nyama, kinachobaki ni kidogo. Kama inafika kwenye seli, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu salfa yake inaikamata sisplatini, na kansa zisizosikia sisplatini mara nyingi zimejaa glutathioni. Ndiyo ileile ambayo dada zetu wanachomwa sindano ili wang'ae ngozi. Kama mama au yeyote ameletewa hizo sindano, ni bora nisisikie.

Vitamini E kwa wingi inapunguza kuganda kwa damu, na mama ana uvimbe unaoweza kutoka damu. Hiyo peke yake ingetosha.

Seleniamu ina habari ya kwetu. Mwili hauwezi kuishi bila hiyo: vimeng'enya kadhaa vya kuvunja peroksidi vinaibeba. Panya waliokosa seleniamu, mwaka 1995, waliambukizwa kirusi cha koksaki kisicho na madhara, kikabadilika ndani yao kikawa kikali cha kuharibu moyo. Kwa hiyo upungufu ni jambo la kweli, na hapo muuzaji ana hoja. Lakini wakati nchi hii ikiitwa Zaïre, watafiti walikuta kaskazini watu waliokosa iodini na seleniamu kwa pamoja. Wakawapa seleniamu kwanza. Wale ambao tezi zao za shingo zilikuwa tayari zimedhoofika wakazidi kudhoofika, kwa sababu vimeng'enya vya seleniamu vilitumia haraka homoni kidogo iliyobaki. Taarifa yao ya mwaka 1991 ilionya juu ya kugawa seleniamu ovyo. Kitu kimoja chema, kikipewa kwa mtu asiyepimwa, kikageuka.

Vitamini C ya kumeza haitishi: mwili unashiba kwenye miligramu mia mbili mpaka mia nne kwa siku, nyingine anaikojoa. Ya mshipani ni habari nyingine, na kaka anastahili jibu. Ewan Cameron na Linus Pauling walidai mwaka 1976 kwamba inaongeza maisha. Majaribio mawili ya Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, mwaka 1979 na 1985, kwa gramu kumi za kumeza hayakuona faida. Baadaye ikafahamika kwamba ikipitishwa mshipani inafika kiwango kikubwa mno kwenye damu, na kwa kiwango hicho haizimi moto tena, inatengeneza peroksidi. Yaani, kama inaua seli ya kansa, inaiua kwa kuioksidisha, kinyume kabisa cha maneno ya mama wa kanisa! Wanaoichunguza wanaichunguza kwa haki, hospitalini, lakini haijathibitika kuwa tiba. Na kwetu kuna hatari ya ziada. Watu wengi wa nchi za malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozipa chembe nyekundu elektroni za kujikinga. Upungufu huo ulienea kwa sababu unawasumbua vijidudu vya malaria. Mtu wa namna hiyo akitiwa vitamini C nyingi mshipani, chembe nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, na figo zinafunga. Kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ya mtaani hakuna atakayeipima G6PD kwanza.

Chakula ni jambo tofauti, kwa sababu vitamini za kwenye sahani ni chache na zinakuja na protini, chumvi na maji. Mama ale sombe, matembele, lengalenga (mchicha), maembe yakiwepo, maharage, mayai, samaki. Asiongezewe unga wa majani wa kukoroga kwa vijiko kila saa. Hiyo ni chupa ya tano. Mionzi ya tumbo la chini mara nyingi inaleta kuhara kuanzia juma la pili au la tatu. Siku hizo sombe ipungue, apewe uji wa mchele, ndizi, supu, na maji mengi.

Ninachotaka mfanye katika majuma haya matatu kina faida kuliko chupa zote. Apimwe hemoglobini. Mwanamke aliyetoka damu miezi mingi mara nyingi ana upungufu, na damu nyepesi inapeleka oksijeni kidogo kwenye uvimbe. Umeona hapo juu oksijeni inafanya nini. Daktari ataamua kama ni vidonge vya chuma au kuongezewa damu, msijinunulie. Apimwe kreatinini, kipimo cha damu cha kuonyesha kazi ya figo, kwa sababu sisplatini inapitia figo, na kama mkojo umeziba ni lazima ijulikane kabla. Apimwe VVU kama hajapimwa. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara sita zaidi ya kansa hii, na dawa za VVU zinapewa sambamba na mionzi bila kungoja. Hizo chupa nne zitieni kwenye mfuko, pamoja na mizizi yoyote aliyopewa, mfike nazo Lusaka na kuziweka mezani kwa daktari. Hatagomba. Anataka kujua tu.

Kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mapema. Mionzi ya nje, kawaida mara 25 kwa majuma matano, na ile ya ndani inayofuata, yote inapaswa kumalizika ndani ya majuma manane. Kila juma linalopotea katikati, seli zilizobaki zinazaliana. Nimemwona mgonjwa akirudi Lubumbashi kwa kilio cha shemeji, akakaa siku kumi na sita. Aliporudi kwenye mashine hatukuwa tena pale tulipokuwa. Kaeni kikao cha familia kabla ya safari, msemane wazi kwamba mama haji kwenye kilio cha mtu mpaka amalize. Na dola 140 kwa mwezi, mara miezi miwili, ni chumba na usafiri wa huko.

Mkiwa bado huku, msingoje safari kama anatoka damu ya kulowesha pamba moja kwa saa moja, kama mkojo umepungua sana au mguu mmoja umevimba na kuuma, au kama mkojo au choo kinavuja ukeni. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Kemo ikianza, homa ya nyuzi 38 ni ya hospitali, si ya parasetamoli, na msiseme "ni malaria tu" kabla ya kipimo cha damu. Masikio yakianza kuvuma baada ya sisplatini, amwambie muuguzi kabla ya chupa inayofuata ya dripu.

Na wewe mwenyewe hukuuliza, lakini nitasema: wewe na dada zako mliofika miaka 30, au 25 kama mna VVU, mpimwe mlango wa kizazi, kwa kipimo cha HPV kikipatikana au kwa kile cha siki. Kile cha siki kinachukua dakika chache, na doa jeupe likionekana mapema mara nyingi linatibiwa siku hiyohiyo, hakuna kuvuka mpaka.

Hemoglobini ya mama ikitoka, niandikie namba.